Uso Wangu Si Ubao wa Kujifunzia

Nimechoka kuinamisha kichwa.

Miaka mitatu nimevuta mtandio hadi usawa wa kope. Nimevaa miwani myeusi ndani ya daladala saa moja usiku. Nimekwepa picha za harusi ya dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Na miaka yote mitatu nimenyamaza. Leo sinyamazi.

Nyusi zangu zimeharibiwa. Hazikuharibiwa na ajali, wala ugonjwa, wala uzee. Ziliharibiwa mchana kweupe, ndani ya saluni yenye kiyoyozi na maua ya plastiki ukutani, na mtu niliyemlipa shilingi 80,000 kwa mkono wangu huu.

Najua hushangai. Unazijua nyusi hizo. Unazijua zile zilizoingia bluu kama hati iliyonyeshewa mvua. Unazijua zile zilizoota wekundu wa kutu. Unazijua zile mbili zisizofanana, moja imepanda na nyingine imelala, na mwenye nazo akicheka uso unabaki umeshangaa. Unaziona benki, unaziona sokoni, unaziona kwenye kicheni pati chini ya poda nzito. Unaziona, kisha unageuza macho kwa adabu.

Adabu hiyo ndiyo inayotumaliza.

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililotutia mtegoni. Wanasema "vipodozi vya kudumu". Wanasema "nyusi za kuchora". Maneno laini, maneno matamu. Kipodozi ni nini? Kipodozi ni poda. Kipodozi ni wanja. Bibi yangu alipaka wanja wa manga asubuhi, usiku akanawa, akalala na uso aliozaliwa nao. Kipodozi ni kitu ambacho maji yanakiweza.

Hiki maji hayakiwezi. Hii ni tatoo. Sindano inatoboa ngozi ya juu, ile inayojivua na kujifanya upya kila baada ya wiki nne hivi. Inaipita, inaingia ngozi ya ndani, ile isiyojivua. Humo inaacha wino. Mwili unauona wino kama mvamizi. Chembe za kinga zinaumeza, zinashindwa kuusaga, zinakaa nao palepale mwaka hadi mwaka. Ndiyo siri yote ya kudumu kwake. Mwili umeshindwa kumtoa mgeni, ukaishia kumfungia ndani.

Kwa hiyo ni jeraha. Jeraha lililotiwa rangi.

Sasa jibu kwa haki. Ungeambiwa, "Njoo nikutie jeraha usoni kwa elfu themanini," ungekwenda? Na kama ungekwenda, si ungeuliza anayeshika sindano amesomea wapi? Ungeuliza. Lakini uliambiwa, "Njoo upendeze, mpenzi," ukalala chali, ukafumba macho.

Mimi nililala chali. Mimi nilifumba macho.

Ilikuwa Alhamisi. Sendofu ya dada ilikuwa Jumamosi. Fundi yeyote anayeijua kazi yake angenirudisha nyumbani papo hapo. Rangi ya siku za kwanza huwa nzito kuliko itakavyokuwa, magamba hufuata, ngozi huhitaji wiki nne hadi sita ndipo ionyeshe sura halisi ya kilichofanyika. Huchorwi Alhamisi ukacheza Jumamosi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini fundi wangu alikuwa na haraka kuliko mimi. Nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa.

Hakuniuliza kama nina kisukari. Hakuniuliza kama ngozi yangu huota makovu ya kuvimba, yale tunayoyaita keloidi, na kila daktari wa ngozi anajua kwamba sisi weusi tunayaota kuliko wengine. Hakuniuliza kama piko au rangi ya nywele iliwahi kunidhuru. Hakunijaribia hata tone moja nyuma ya sikio. Aliniuliza jambo moja tu: "Unalipa taslimu au kwa simu?"

Baadaye ndipo nilipojua kwamba alijifunza kwa wiki mbili. Siku kadhaa kwenye ngozi ya bandia, kisha moja kwa moja kwenye nyuso za watu. Wangapi walinitangulia? Wangapi walinifuata? Nyuso zetu ndizo zilizokuwa daftari lake la mazoezi.

Muuguzi wa stashahada husoma miaka mitatu kabla hajaachiwa mgonjwa. Muuzaji wa duka la dawa muhimu hupitia mafunzo kabla hajakuuzia kidonge. Kijana wa bodaboda anatakiwa kuwa na leseni ya udereva. Na huyu anayekupaka ganzi, akakuchana, akakutoa damu sentimita mbili kutoka kwenye jicho lako, anatakiwa kuwa na nini? Taa ya duara na simu yenye kamera nzuri?

Kina cha wino hakifiki milimita moja. Fikiria hapo. Mkono ukiwa mwepesi, wino unatoka na magamba na pesa yako imepotea. Mkono ukiwa mzito, wino unazama mno, unasambaa chini ya ngozi, mistari inayeyuka na kuwa doa, na ngozi inaota kovu. Kati ya kupoteza pesa na kupoteza uso pana unene wa ukucha. Huo ndio upana aliokuwa anajifunzia kwangu.

Na rangi nayo ina ukweli wake usiobandikwa ukutani. Nyeusi ya kaboni ikizama ndani, ukiitazama kupitia ngozi, huonekana bluu au kijivu. Kahawia huchanganywa kwa rangi kadhaa, na kila moja hufifia kwa mwendo wake. Mara nyingi inayobaki nyuma ni nyekundu ya oksidi ya chuma. Kwa Kiswahili cha nyumbani, oksidi hiyo nyekundu ni kutu. Ndiyo maana nyusi za mwaka jana leo zina rangi ya bati kuukuu. Anayejua kazi huchagua rangi kwa kuitazama ngozi yako na kuiona miaka miwili mbele. Asiyejua huchagua kwa kuitazama picha ya mtu mwingine kwenye simu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini rangi mbaya ni dogo. Subiri nikwambie linaloninyima usingizi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Tangu hapo tumeimbiwa wimbo mmoja: usichangie wembe, usichangie sindano. Tumeimbiwa shuleni. Tumeimbiwa redioni. Tumeimbiwa kanisani na msikitini. Mtoto wa darasa la tatu anaujua. Tukaenda vijijini kuwaambia wazee waache kuchanja chale kwa wembe mmoja, na wazee wakasikia.

Leo mwanamke mwenye shahada analala kwenye kitanda cha saluni na haulizi sindano imetoka wapi.

Uliiona ikifunguliwa? Uliiona pakiti? Kile kikombe kidogo cha wino, alikimimina mbele yako au alikikuta kimeshamiminwa kwa ajili ya aliyekutangulia? Mpini wa mashine aliufunika? Glavu alizobadilisha zilikuwa mpya, au ni zilezile alizopokelea simu?

Usiniambie alifuta kwa spiriti. Spiriti ya kupaka haigeuzi sindano iliyotumika kuwa sindano mpya. Kifaa cha kutoboa ngozi ama kinatumika mara moja na kutupwa, ama kinapikwa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 za Selsiasi au zaidi, kwa muda uliopimwa. Kufuta kwa spiriti si njia ya tatu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Siku saba! Tone la damu usiloliona kwa macho, la mteja wa Jumatatu, linakusubiri wewe wa Ijumaa.

Chanjo ya homa hiyo iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo umechanjwa lini? Wengi wetu tunaojazana kwenye benchi la nyusi ni wa miaka hiyo ya nyuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aliyechorwa tatoo asubiri miezi kadhaa kabla ya kuchangia damu. Hawakukaa mezani wakapendekeza hivyo kwa kuchukia urembo. Wanajua sindano inaweza kubeba nini.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Maana kosa la kwanza lilinikuta nimelala. La pili nililitembelea kwa miguu yangu, na hili ndilo ninalotaka likuingie.

Baada ya miezi mitano nyusi zangu zilikuwa bluu. Nilifanya nini? Nilikwenda kwa daktari? Hapana. Niliona haya. Nikajifungia bafuni na limau na chumvi. Nikasugua hadi ngozi ikachubuka. Bluu ikabaki palepale. Nikanunua krimu ya kuondoa madoa. Ngozi ya pembeni ikakwajuka, bluu ikabaki palepale, tena sasa inaonekana zaidi kwa kuwa kila kinachoizunguka kimekuwa cheupe. Elewa, dada yangu: mkorogo hula rangi ya ngozi yako, haugusi wino. Wino uko chini. Limau haliufikii. Dawa ya meno haiufikii. Kitu cha kupaka kitakachoufikia kitakuwa kimeichoma kwanza ngozi yote iliyo juu yake.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikarudi kwa fundi yuleyule.

Ndiyo. Kwa yuleyule. Akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Hiyo ndogo, mpenzi. Tunafunika kwa rangi ya ngozi." Dawa ya moto ni moto, nikajiambia. Nikalala chali mara ya pili.

Sikiliza kwa makini hapa, maana hapa ndipo wengi tunapozikwa. Rangi hiyo ya ngozi, ile ya maziwa maziwa wanayofunikia makosa, kwa kawaida ina titani dioksidi, weupe uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta. Haifuti chochote. Inalaza wino juu ya wino. Baada ya muda nilikuwa na bluu chini na mabaka ya njano juu.

Nilipofika kwa daktari wa ngozi, nimekwisha, machozi yamenikauka, alinieleza jambo ambalo fundi ama hakulijua ama hakujali kulijua. Wino mweusi mtupu unavunjwa na leza. Lakini rangi zenye titani dioksidi au oksidi ya chuma zikipigwa leza zinaweza kubadilika kikemia papo hapo na kuwa nyeusi. Alijaribu nukta moja, ndogo kama punje ya mtama, kwenye ncha ya nyusi ya kushoto. Nukta ikageuka nyeusi mbele ya kioo.

Laiti nisingefunika, kazi ingekuwa nyepesi. Nilifunika, na sasa ni ndefu, ni ya kubahatisha na ni ya gharama. Kikao hadi kikao hupita wiki sita hadi nane. Vikao ni vingi. Nauli, ruhusa za kazini, pesa iliyokuwa ya ada ya mtoto. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwanangu ameila aibu yangu pamoja nami, na yeye hakuchorwa chochote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliupanua ufa kwa nyundo, kisha nikamlipa mwenye nyundo.

Na watu wanasemaje? Unajua wanavyosema. "Si ulitaka mwenyewe?" "Mungu alikupa nyusi ukaona hazitoshi." "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Methali hiyo nimeisikia kwa shoga zangu. Nimeisikia kwa mjomba. Nimeisikia kwa muuguzi aliyetakiwa kunisafisha kidonda. Sasa niijibu.

Mwiba huu sikujichoma. Nilichomwa. Nilichomwa na mtu aliyejitangaza kuwa ni fundi, akapokea malipo ya fundi, akafanya kazi ya mtu asiyejua. Ukipanda basi likapinduka kwa sababu dereva hana leseni, tutakwambia ulijitakia safari? Ukila mgahawani ukaharisha, tutakwambia si ulitaka kula? Mbona mwanamke akiharibiwa uso ndipo ghafla kosa linakuwa la kupenda kupendeza?

Tena si kila anayelala kwenye kitanda kile anafuata mtindo. Nenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road uwatazame wanawake ambao dawa za saratani zimewanyonyoa nywele, kope na nyusi. Wako wenye upara wa maradhi. Wako walioungua moto. Kwao mistari michache ya wino iliyochorwa vizuri inaurudisha uso wanaoutambua kwenye kioo. Kazi hii ikiwa mikononi mwa mjuzi ni rehema. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa: wanaoichafua wanawanyang'anya hata hawa.

Na wewe kaka unayecheka pembeni, futa kicheko. Wenzako wanachorwa ndevu na mstari wa nywele kwa sindano hizohizo, kwenye viti hivyohivyo. Ngozi haina jinsia, na kirusi hakiulizi.

Methali inayotufaa ni nyingine: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tunafanyaje? Tunamwona mwenzetu amenyolewa hadi damu, halafu tunamwomba namba ya simu ya kinyozi.

Haya, wenye mamlaka mko wapi?

Mwaka 2019 jukumu la kusimamia vipodozi liliondolewa mikononi mwa mamlaka ya dawa na kupelekwa kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Vyema. Sabuni inakaguliwa, losheni inakaguliwa, mkorogo wenye zebaki unakamatwa na kuteketezwa mbele ya kamera. Na wino unaoingizwa ndani ya ngozi na kuachwa humo maisha yote? Kichupa alichotumia fundi wangu hakikuwa na jina la kiwanda, hakikuwa na tarehe ya mwisho, hakikuwa na namba ya toleo. Kilikuwa na picha ya jani na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Krimu ninayoipaka na kuiosha ina alama ya ubora. Wino ninaozikwa nao hauna.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walipofika Januari 2022 waliweka ukomo kwa kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatoo na wa vipodozi vya kudumu. Zaidi ya elfu nne! Sisi ukomo wetu ni upi? Saluni inapewa leseni ya biashara na halmashauri, na leseni hiyo inathibitisha kwamba ada imelipwa. Haithibitishi kwamba mkono unaojua umeshika sindano. Afisa afya anaingia mgahawani kukagua choo na vyeti vya wapishi. Mlango wa pili ni saluni inayotoa damu za watu kila siku. Anaupita.

Mabwana na mabibi wakubwa, mnangoja nini? Mnangoja tufe wangapi ndipo muone kwamba sindano ni sindano, iwe hospitali au iwe saluni?

Lakini sitawabebesha wao peke yao. Nakubebesha na wewe. Najibebesha na mimi.

Mwaka 2003 na 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa zaidi ya 150 za watu waliodhurika na baadhi ya rangi za vipodozi vya kudumu: uvimbe, malengelenge, makovu, vinundu sehemu za macho na midomo. Wengine walishindwa hata kula na kuongea sawasawa. Rangi hizo ziliondolewa sokoni. Unajua ziliondolewa kwa nini? Kwa sababu watu walisema. Mmoja alisema, wa pili akasema, na taarifa zikawa rundo lisiloweza kupuuzwa.

Sisi rundo letu liko wapi? Liko chini ya mitandio. Liko chini ya miwani. Liko chini ya poda. Kila mmoja amekaa na nyusi zake chumbani akidhani ni bahati mbaya yake peke yake. Fundi anafuta picha mbaya, anabandika nzuri, na benchi linajaa tena. Kimya chetu ndicho tangazo lake kubwa kuliko yote, na halimgharimu hata senti.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tufichue. Na kama yamekukuta, nisikilize, maana haya nimeyalipia.

Ukiwa kwenye wiki ya kwanza na unalia kwa kuwa nyusi ni nyeusi kama masizi, tulia. Usikwangue. Usibandue magamba. Usipake limau. Rangi bado itashuka. Huwezi kuhukumu kazi kabla ya wiki nne hadi sita.

Lakini ukiona usaha, ukiona wekundu unatambaa nje ya nyusi, ukisikia maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, ukapata homa, usingoje wiki wala siku. Nenda hospitali. Mwambie daktari ukweli wote, pamoja na lile unaloona haya kulisema.

Zikipita wiki au miezi, au hata miaka, ukaona vinundu au mwasho juu ya mchoro, hiyo pia ni hospitali. Huenda mwili unaukataa wino. Usikimbilie leza hapo, maana kuutawanyia mwili kitu unachokikataa kunaweza kuwasha moto mwili mzima. Daktari kwanza.

Omba upimwe homa ya ini B na C, na virusi vya UKIMWI. Usiseme fundi alionekana msafi.

Usirudi kwa aliyekuharibia. Usikubali kufunikwa kwa rangi ya ngozi. Nalirudia ili likae kichwani: usikubali kufunikwa kwa rangi ya ngozi. Na mtu asikuchome kwa tindikali ya "kufuta tatoo", wala asikumulike kwa ile mashine ya mwanga ya kuondolea nywele. Mashine hiyo haikutengenezwa kwa wino, itakuunguza.

Ukiamua leza, iwe mikononi mwa daktari wa ngozi. Kwa ngozi zetu nyeusi leza inayotumika zaidi ni ya Nd:YAG, ya nanomita 1064, kwa sababu inaigusa kidogo rangi yetu ya asili. Hata hiyo inaweza kuacha baka jeupe au jeusi kwa mwenye mkono wa haraka. Dai ajaribu nukta moja kwanza, usubiri, uone. Kama ni wanja uliochorwa kwenye kope, dai vikinga vya chuma vya kufunika mboni. Asiye navyo, mwage. Na usiseme wataalamu hawapo: pale KCMC, Moshi, pana kituo cha kanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Mabingwa wapo. Sisi ndio tunaowafikia mwisho, tukiwa tumeshamaliza mafundi wote.

Kisha sema. Piga picha nyusi zako zilivyo. Andika tarehe. Tunza risiti au ujumbe wa malipo. Mwandikie afisa afya wa halmashauri yako, mwandikie TBS, hata kama unadhani hakuna atakayesoma. Barua moja hutupwa. Barua mia zinahitaji kabati.

Na wewe ambaye bado hujalala kwenye kitanda kile, na moyo unakuvuta, sikuzuii. Uso ni wako. Ila kabla hujafumba macho, yafumbue. Mwambie fundi: nionyeshe pakiti ya sindano, ifungue mbele yangu. Nionyeshe kichupa, nisome. Nionyeshe nyusi ulizochora miaka miwili iliyopita, si za jana zinazong'aa mafuta. Nijaribie tone, nitarudi baada ya siku kadhaa. Akikunja uso, akisema unajifanya mjuaji, akikwambia wenzako hawaulizi maswali hayo, chukua mkoba wako.

Toka. Hata kama umeshalipa nusu. Hiyo nusu ndiyo pesa ya bei nafuu kuliko zote utakazowahi kupoteza.

Mimi wiki ijayo nina kikao cha tano. Nitapanda daladala bila miwani. Atakayeniuliza nyusi zangu zimefanyaje, nitamjibu kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma. Na wewe ukiulizwa, jibu.